Rejeta Ikichoka: Mambo ya Kujua Kabla Kikundi Hakijanunua Nyingine



Toleo hili tunaongea juu ya kitu ambacho kinakula pesa za vikundi polepole bila watu kutambua, nacho ni rejeta ya gari. Vikundi vingi hapa Kakamega, kuanzia Lurambi na Navakholo mpaka Malava na Shinyalu, vimechanga vikanunua pikapu au matatu kuukuu ya kupeleka ndizi, mahindi na mboga sokoni, na kukodishwa siku za arusi na matanga. Gari kama hiyo ni mali ya watu ishirini au thelathini. Injini ikifa, anayeumia si dereva peke yake, maana karo ya watoto wa wanachama wote ilikuwa inategemea hapo. Na injini nyingi haziuawi na uzee, zinauawa na joto.

Dereva akisema "gari inachemsha", mara nyingi kikao kinaitwa na neno linalotoka ni moja tu: tununue rejeta kubwa. Pengine ni sawa. Pengine ni kutupa pesa. Hebu tuangalie.

RejeTA INAFANYA NINI

Mafuta yakiungua ndani ya injini, si nguvu yote inayofika kwenye magurudumu. Karibu theluthi moja inatoka na moshi kwenye ekzosi, na kiasi kinachokaribia hicho kinaingia katika maji yanayozunguka silinda. Wota pampu inasukuma maji hayo ya moto mpaka kwenye rejeta. Huko yanapita katika vijibomba vyembamba vilivyoshikana na mapezi ya bati jepesi, upepo unapita katikati ya mapezi na kuondoka na joto, kisha maji yanarudi kwenye injini yakiwa yamepoa kidogo. Wazo hili ni la zamani. Mercedes iliyobuniwa na Mjerumani Wilhelm Maybach mwishoni mwa mwaka 1900 ilikuwa na rejeta ya vijibomba 8,070. Tangu siku hizo umbo limebadilika, lakini kazi ni ile ile.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo mtu wa Mombasa hasumbuliwi nalo. Kakamega iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kule pwani maji yanachemka kwa digrii 100, hapa yanachemka kwa digrii 95 hivi. Injini yenyewe inapenda kufanya kazi kati ya digrii 85 na 95. Kwa hiyo maji ya wazi katika injini ya Kakamega yako mlangoni pa kuchemka kila siku. Kinachoyazuia ni kifuniko cha rejeta. Kile kifuniko si kizibo cha chupa. Kina springi inayofunga mvuke ndani, na maji yakikandamizwa hayachemki upesi. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 kinayazuia maji hapa kwetu mpaka yakaribie digrii 115. Raba yake ikikatika au springi ikilegea, faida hiyo yote inapotea, na gari inaanza kutapika maji hata kama rejeta ni nzima kabisa. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na rejeta. Anza hapo.

Tena kuna mlima. Gari ikitoka Kisumu na mzigo wa simiti au omena inapanda kwenda Kiboswa na Majengo, na mpaka ifike Kakamega imepanda zaidi ya mita 400. Inapanda kwa gea ndogo, injini inanguruma, na kwa sababu gari inaenda polepole upepo wa mbele ni kidogo. Rejeta iliyochoka inaweza kuficha ugonjwa wake mwezi mzima kati ya Khayega na mjini, halafu ikaanguka siku moja tu pale mlimani.

KWANZA JUA UGONJWA

Mshale wa joto unaongea, ila watu hawausikilizi. Gari ikipata joto imesimama au kwenye foleni ya magari, na kupoa ikishika mwendo, shuku feni: belti imelegea, klachi ya feni imekufa, au ile feni ya umeme haizunguki. Ikipata joto kwenye mlima na kwenye mwendo mrefu, huku feni ikizunguka vizuri, hapo ndipo rejeta inashukiwa: vijibomba vimeziba kwa kutu, au mapezi yamejaa mbegu za nyasi, wadudu na matope. Pia bomba la mpira la chini linaweza kunyonywa likajikunja kwa ndani injini ikivuta kwa nguvu, maji yasipite. Mwambie fundi alifinye. Likiwa laini kama kitambaa, libadilishwe.

Lakini iko dalili moja ambayo ikionekana msinunue rejeta yo yote bado. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa injini, tazama maji. Yakitoa mapovu mfululizo bila kukoma, moshi wa silinda unaingia kwenye maji: gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi yenyewe imepinda. Angalia pia kijiti cha oili na kifuniko cha kujazia oili. Oili ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Rejeta mpya juu ya gasketi iliyoungua itachemsha kama ile ya zamani, na kikundi kitakuwa kimelipa mara mbili.

Tunaomba jambo moja kwa nguvu. Asifungue mtu kifuniko injini ikiwa ya moto, hata akifunga kitambaa mkononi. Yale maji yamekandamizwa. Ukifungua yanageuka mvuke mara moja na kuruka usoni. Mtu anachubuka uso na macho. Ngojeni nusu saa au zaidi, mpaka bomba la juu lishikike kwa mkono bila kuchoma. Abiria wanaopiga kelele kwamba wamechelewa waacheni wapige.

Mafundi wengi wana tabia ya kung'oa thamostati na kuitupa, ati nchi yetu ni ya joto haiihitaji. Sikubaliani nao. Thamostati ni kimlango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Bila hiyo injini inakaa baridi muda mrefu, inakunywa mafuta mengi, na oili inaharibika mapema. Katika injini nyingine maji yanakosa kuelekezwa vizuri na joto linapanda vile vile. Kuipima hakuhitaji mashine. Itumbukize katika sufuria ya maji juu ya jiko. Imeandikwa namba ya digrii, mara nyingi 82 au 88, na maji yetu yanafika huko kabla ya kuchemka. Ikifunguka ni nzima. Isipofunguka, nunua nyingine ya namba ile ile.

KUZIBUA AU KUBADILISHA

Wazee watakumbuka Peugeot 404, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo, halafu ikawa ndiyo matatu ya vijijini. Rejeta zake zilikuwa za shaba. Ikitoboka, fundi wa jua kali aliilehemu. Ikiziba, aliyeyusha lehemu akafungua tangi la juu, akapitisha waya bapa katika kila kijibomba, akatoa kutu na kufunga tena. Gari ilirudi barabarani siku hiyo hiyo.

Tangu miaka ya 1970 viwanda vilianza kuhamia aluminiamu, na gari nyingi tunazonunua leo kutoka Japani zina rejeta ya aluminiamu yenye matangi ya plastiki juu na chini, au kushoto na kulia. Sababu si kwamba aluminiamu inapitisha joto kuliko shaba. Shaba inapitisha joto zaidi, kama mara moja na nusu na kupita. Lakini ni nzito zaidi ya mara tatu na ni ya bei kali. Viwanda vilitaka wepesi. Matokeo kwetu ni kwamba plastiki ikizeeka inakuwa ngumu kama ganda la yai, inapasuka shingoni pale bomba la juu linaposhikwa, na hailehemiki. Gundi zile za kupaka zitakufikisha nyumbani. Zisikupeleke Kisumu.

Basi kanuni yetu ni hii. Rejeta ya shaba yenye tundu moja au iliyoziba kidogo, izibuliwe. Lakini muulizeni fundi ameziba vijibomba vingapi, maana wengine wakiona kinachovuja wanakifunga kabisa juu na chini. Rejeta ikiwa na vijibomba 40 na vinne vikafungwa, mmepoteza sehemu moja ya kumi ya nguvu ya kupoza. Ikifanyiwa hivyo mara tatu ni afadhali mpya. Na kama mapezi yanabomoka kwa kidole kama majani makavu, usipoteze muda. Ya plastiki iliyopasuka ibadilishwe tu.

Na zile dawa za barabarani, yaani unga wa mahindi, ute wa yai, majani ya chai, pamoja na ile poda ya dukani ya kuziba tundu? Zote zinaziba. Taabu ni kwamba haziulizi tundu liko wapi. Zinaziba pia vijibomba vizima. Mkilazimika kuitumia njiani, ni lazima rejeta isafishwe wiki hiyo hiyo.

HII INAYOITWA YA KUONGEZA NGUVU

Dukani mtaonyeshwa aina nyingi. Iko ile ya kiwanda kilichotengeneza gari, ambayo bei yake huwashangaza wengi. Iko iliyotolewa katika gari nyingine huko Japani, ambayo umri wake hujui. Iko mpya ya kampuni nyingine, umbo lile lile. Na iko ya safu nyingi zaidi: kama yako ilikuwa na safu moja ya vijibomba, hii ina mbili, kama ilikuwa na mbili, hii ina tatu. Hii ya mwisho ndiyo inayowavutia wanaobeba mzigo.

Safu ya ziada inasaidia, ila haisaidii kwa kipimo ambacho muuzaji atakuambia. Upepo ukifika safu ya tatu umeshapashwa joto na ya kwanza na ya pili, kwa hiyo hauna nguvu ya kubeba joto jingi tena. Pia rejeta nene ni ngumu kupitisha upepo; feni dhaifu itashindwa kuuvuta. Kwa maneno mengine, kutoka safu mbili kwenda tatu hupati nusu ya ziada. Unapata sehemu tu, na hiyo sehemu inakuja kama feni ni nzuri na ile kava inayoizunguka ipo. Kava hiyo! Gari nyingi utaona imevunjika ikatupwa, kumbe ndiyo inayofanya feni ivute upepo kupitia rejeta yote badala ya kuzungusha upepo ule ule mahali pamoja. Nimeona vikundi vikifikiria rejeta ya bei kubwa hali kava ya feni iko nyuma ya nyumba inafunika kuku.

Maoni yangu ni haya. Pikapu ya zamani inayobeba mzigo mlimani, ikipatikana ya shaba yenye safu moja zaidi, chukueni hiyo, kwa sababu ikiumia fundi wa Kakamega ataishughulikia. Kule jua kali ya Kibuye, Kisumu, na barabara ya Kirinyaga, Nairobi, mtapata watu wanaoweka tumbo jipya katika matangi ya zamani, na hiyo pia ni njia nzuri. Gari mpya kidogo, matatu au ile ndogo ya mizigo myepesi, iwekewe ya aluminiamu na plastiki ya kipimo kile kile cha awali, iliyotengenezwa vizuri. Ile ya aluminiamu tupu iliyochomelewa yote ni imara, lakini inachukia maji ya mto na waya mbovu wa ethi. Huliwa na kutu yake ya unga mweupe, na fundi wa kuichomelea si kila mahali yupo. Ikiwa kikundi hakina desturi ya kununua kulanti, msiiguse.

Kabla ya kulipa, beba rejeta ya zamani dukani. Usiende na picha kichwani. Ziwekeni mbili sambamba: upana, urefu, midomo ya mabomba, matundu ya skrubu, raba za kukalia. Pimeni unene halafu mpime nafasi iliyopo mpaka kwenye feni, maana injini hutikisika, na feni ikigusa mapezi safari imekwisha. Gari ya otomatiki ina midomo miwili zaidi ya oili ya giaboksi inayopozwa ndani ya tangi la rejeta. Mkiuziwa ya gari ya manuali, oili hiyo haitakuwa na pa kupoa na giaboksi itakufa, nayo bei yake msiniulize. Kifuniko kiwe cha namba ile ile ya zamani. Kuweka chenye namba kubwa ati ndio nguvu zaidi, ni kuyapasua mabomba ya zamani.

Mazungumzo na muuzaji yawe ya heshima, ila mama mweka hazina asione haya kuuliza. "Ndugu, hii ni safu ngapi?" "Tatu, mama." "Nionyeshe." Ukichungulia mdomo wa tangi kwa tochi utaziona safu na kuzihesabu. Bei ziulizwe maduka matatu. Risiti iandikwe jina la kikundi, namba ya gari, na siku ambazo muuzaji atakubali kuirudisha ikivuja. Nendeni watu wawili, si dereva peke yake. Hatumshuku dereva, tunamkinga na maneno ya watu.

Pesa zitoke wapi? Zisitoke kwenye mchango wa dharura. Tuseme kila safari inaweka kando shilingi 200, na gari inafanya safari nne kwa wiki. Hizo ni shilingi 800 kwa wiki, na kwa wiki 13 ni shilingi 10,400. Mfuko huo ukiwepo, kikao kitajadili rejeta bila mtu kugombana na mwingine.

SIKU YA KUFUNGA

Injini iwe baridi. Toa waya wa negativu wa betri, kwa sababu feni ya umeme inaweza kuzunguka yenyewe hata swichi ikiwa imezimwa. Maji ya zamani yakingwe katika karai, yasimwagike chini. Kulanti ni sumu, na ina ladha tamu, ndiyo sababu mbwa, ndama na hata mtoto anaweza kuinywa. Isimwagwe mtaroni ikaenda mto Isiukhu. Iwekeni katika mtungi wenye alama, mbali na watoto, na msitumie mtungi huo tena kwa maji ya kunywa.

Kabla ya kuweka rejeta mpya, injini isafishwe kwa maji mpaka yatoke meupe. Ukiruka hatua hii, kutu yote iliyobaki kwenye injini itahamia katika vijibomba vipya ndani ya miezi michache. Mabomba ya mpira na klipu vikiwa vya zamani, badilisha vyote pamoja. Kisha jaza polepole, gari ikiwa imeinua pua kidogo, na hita ya ndani ikiwa imefunguliwa mwisho wa joto. Washa bila kifuniko, ongeza maji kadiri hewa inavyotoka, mpaka bomba la juu lipate joto, yaani thamostati imefunguka. Hewa ikibaki ndani mshale utaruka ruka na watu watasema rejeta ni mbovu.

Na maji gani? Hapa Kakamega Mungu ametupa mvua ya kutosha. Maji ya mvua yaliyokingwa safi toka kwenye mabati ni bora kuliko ya kisima au ya mto, kwa kuwa hayana chumvi inayoganda ndani ya vijibomba kama ile ya ndani ya birika. Wale wenye posho mil ya dizeli inayopozwa kwa pipa wasikie pia, ganda hilo hilo linajijenga kwenye silinda yenu. Kwa gari changanyeni maji hayo na kulanti nusu kwa nusu, au kama chupa inavyoelekeza. Wengine wanasema kulanti ni ya nchi za barafu. Barafu hatuna, ni kweli, lakini ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, na inapandisha kidogo digrii ya kuchemka. Msichanganye aina mbili tofauti. Baadhi zinagandana kama uji.

Rejeta ya zamani ni mali ya kikundi. Fundi ataiomba kana kwamba ni kitu cha bure, hasa ikiwa ya shaba. Ipimeni kwenye mizani, iuzwe kwa mnunuzi wa chuma chakavu mwenye leseni, na pesa ziingie kitabuni.

Siku ya pili asubuhi dereva aangalie maji kabla ya kuwasha, aongeze kama yameshuka, na kuchungulia chini ya gari kama pana tone. Baada ya wiki moja klipu zikazwe tena. Wakati wa mvua za Machi mpaka Mei, na kila mara gari ikitoka shambani kwenye miwa, mapezi yaoshwe kwa maji ya mpira ya kawaida, kutoka upande wa injini kwenda nje, si kwa ile mashine ya presha ya kuoshea magari, kwa sababu inayalaza mapezi na upepo haupiti tena.